Kumwuguza Mgonjwa wa Ini Nyumbani

Liko neno moja ambalo jamaa nyingi nchini hulisikia mlangoni mwa wodi na kulichukua vibaya. Ni pale daktari anaposema: "Mpelekeni nyumbani." Wengi hulifasiri hivi: kazi imekwisha, tungojee kifo. Mgonjwa hulazwa chumba cha nyuma, watu huanza kunong'ona, na aliye hai hutendewa kama maiti. Leo twataka kuonyesha, kwa habari ya ugonjwa mmoja tu, yaani ini lililoharibika kabisa, kwamba kazi kubwa ya jamaa huanzia hapo, na kwamba sehemu moja ya kazi hiyo haikubali kungojwa.

Tumfikirie mvuvi wa Ikola, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Katavi. Hatumtaji mtu; ni mfano, ingawa huenda wasomaji wa huko wakadhani wamjua. Mwaka uliopita miguu yake ilianza kuvimba kila jioni. Kisha tumbo likajaa maji, mabega na mikono ikakonda, macho yakawa ya manjano. Majirani walisema amerogwa. Kaka yake akasema ni malipo ya pombe. Mashine ya mtumbwi iliuzwa ili apelekwe Mpanda, na nyavu zikauzwa ili apelekwe mbele zaidi. Sasa amerudi. Barua ya hospitali yasema ini limejaa makovu, limekuwa gumu, wala hakuna dawa ya kulirudisha katika hali yake.

Kwanza tuondoe lawama, maana mtu anayelaumiwa hauguzwi vizuri. Pombe huharibu ini, hilo ni kweli, lakini si kila mwenye ini bovu ni mlevi. Katika Afrika yetu wengi huupata ugonjwa huu kwa virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo mtoto aweza kuambukizwa na mama yake siku ya kuzaliwa, akakaa navyo miaka 30 au 40 bila dalili yoyote. Sumukuvu iotayo katika mahindi na karanga zilizowekwa zikiwa na unyevu huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi hivyo. Kichocho cha tumbo nacho hulidhuru ini. Basi mtu ambaye hakuonja pombe maisha yake yote aweza kufa kwa ini, na mjane wake akaachiwa aibu asiyostahili.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Magonjwa mengi humwachia mtu akili yake mpaka karibu na mwisho. Ugonjwa wa ini mara nyingi haufanyi hivyo. Ini ndilo lisafishalo damu. Likishindwa, sumu zilizopaswa kuondolewa hupanda mpaka kwenye ubongo. Hapo mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Husahau jina la mjukuu. Maneno yake huwa mazito, viganja vyake hupepesuka akinyoosha mikono, na mtu mpole aweza kumtukana mkewe matusi ambayo hajayasikia katika ndoa yao yote. Jamaa husema ni mashetani, au ni uchawi umejionyesha. Siyo. Ni ini. Hali hiyo yaweza kuja na kuondoka, tena yaweza kuja ghafla baada ya kutapika damu, baada ya homa, au kwa sababu ya kufunga choo siku kadhaa tu. Mwishowe huwa usingizi asioamka.

Ndiyo kusema akili yaweza kumwaga mgonjwa huyu kabla ya pumzi, na yote yanayohitaji akili yake hayana budi kufanywa mapema, wakati angali ameketi na kula.

Desturi yetu ni kuficha. "Usimwambie, atakufa kwa hofu." Lakini yule mvuvi aliona nyavu zake zikiuzwa, naye hulitazama tumbo lake kila asubuhi. Ajua. Akinyamaza, ni kwa kutuhurumia sisi, nasi twanyamaza kwa kumhurumia yeye, na hivyo watu wapendanao huishia kudanganyana katika majuma ya mwisho waliyopewa. Yafaa achaguliwe mmoja anayeheshimiwa naye, kaka mkubwa au shangazi, aketi naye faraghani amwulize kwanza ajua nini, na kama ataka kujua zaidi. Halafu aseme kwa maneno machache: "Mdogo wangu, daktari amesema ini hili halitapona. Sisi hatuendi popote, tuko nawe. Una neno gani ungependa tulijue?" Kisha anyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kusema, na wengi wetu huko ndiko tunakoharibu, kwa kukimbilia kusema "utapona tu."

Yatakayotoka hayapimiki. Pengine ni deni la mafuta ya taa. Pengine ni shamba ambalo mpaka wake yeye peke yake aujua, au mtoto aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa ambaye nyumbani hatajwi. Pengine ni ndugu waliogombana naye miaka 10 kwa ajili ya mtumbwi. Kama ataka kuandika wosia, auandike sasa, mbele ya mashahidi, maana wosia wa mtu asiye na akili timamu hausimami, na mjane ndiye atakayelipa gharama ya kuchelewa huko.

Mambo ya roho yana haraka iyo hiyo. Wako Wakristo wanaoogopa kumwita padre mapema, wakidhani kuja kwake ni kutangaza kifo. Mafuta hayo huitwa Mpako wa Wagonjwa, na tangu Papa Paulo VI alipotoa utaratibu wake mpya mwaka 1972 imekuwa wazi kwamba si ya dakika ya mwisho tu. Yamhusu kila muumini aliye katika ugonjwa wa hatari, na yaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi. Kuungama kwahitaji ulimi na kumbukumbu. Kupokea Komunyo kwahitaji koo linalomeza. Katika kigango ambacho padre hufika mara chache, katekista na apewe habari siku ile ile mgonjwa anaporudi kutoka hospitali.

Tugeukie mwili. Maji ya tumbo humbana pumzi. Alazwe kichwa na mgongo vikiwa juu, juu ya mito au gunia lililokunjwa. Maji hayo yakizidi huweza kutolewa kwa sindano katika hospitali, na mara nyingi hiyo ni nafuu kubwa. Nyumbani asitobolewe na mtu yeyote. Chumvi huongeza maji, basi ipunguzwe. Hapa lakini yatakiwa busara. Mtu aliyebakiwa na siku chache, ambaye hamu yake ni kipande cha mgebuka wa chumvi, mpeni. Tena zamani wagonjwa hawa walikatazwa samaki, mayai na maharage kwa kuhofia akili yao. Siku hizi madaktari wameacha shauri hilo, kwa kuwa liliwakondesha bure. Apewe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na uji kabla ya kulala.

Choo kiangaliwe kila siku, hata kama ni aibu kuuliza. Iko dawa ya maji tamu iitwayo laktulosi. Kipimo chake ni kile kinachompatia choo laini mara 2 au 3 kwa siku, na mara nyingi dawa hiyo ndiyo imrudishiayo mtu jina la mjukuu wake. Mwili ukiwasha kwa sababu ya manjano, kucha zikatwe fupi, aogeshwe kwa maji ya baridi kiasi, apakwe mafuta, avikwe nguo nyepesi ya pamba. Dawa za mizizi zisizojulikana ziachwe. Twajua zaletwa kwa upendo, lakini nyingine hulimaliza ini lililobaki.

Kuhusu maumivu, vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini vinavyouzwa madukani ni hatari kwake, maana huweza kumtoa damu tumboni na kudhuru figo. Parasetamoli yafaa, lakini kwa kipimo kidogo kuliko cha watu wengine. Kwa kawaida madaktari hawapitishi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Dawa za usingizi zisitolewe bila daktari, kwa sababu huweza kumzamisha akili. Maumivu yakiwa makali iko morfini, ambayo kwa mgonjwa wa ini huanzishwa kwa kipimo kidogo na kwa kuachanisha saa, pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Wengine huiogopa morfini kana kwamba ni dhambi. Papa Pio XII aliulizwa jambo hilo na madaktari, naye katika hotuba yake ya tarehe 24 Februari 1957 alijibu kwamba ni halali kutuliza maumivu ya anayekufa, hata kama dawa yaweza kufupisha maisha, mradi hakuna njia nyingine na kifo hakikusudiwi, naye mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake mwingine wa dini na wa maisha. Sharti hilo la mwisho latukumbusha tuliyosema: wajibu wake autimize mapema.

Huduma ya namna hii hospitali zetu siku hizi huiita tiba shufaa. Nairobi ilipata nyumba yake ya kwanza ya huduma hiyo mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Mwingereza Anne Merriman, aliyewahi kuwa sista mmisionari, aliianzisha Kampala, akatumia morfini ya unga iliyochanganywa na maji ili mgonjwa maskini ainywe kwake nyumbani. Nchini Tanzania hospitali ya Kilutheri ya Selian huko Arusha, Taasisi ya Saratani Ocean Road na shirika la PASADA la Jimbo Kuu la Dar es Salaam wamewafuata wagonjwa mpaka majumbani. Ikola ni mbali na hizo zote. Kwa hiyo anayemrudisha mgonjwa asiondoke wodini kabla ya kuuliza: dawa hizi nitazipata wapi zikiisha, na nimwite nani usiku?

Lakini pwani hiyo si ngeni kwa uuguzi. Karema, jirani ya Ikola, aliishi Adrien Atiman, mtoto wa Afrika ya Magharibi aliyetekwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa mganga na katekista hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka mingi ya kazi yake ilikuwa kabla ya dawa nyingi tunazozijua leo, wala watu hawakuacha kumjia.

Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Sala jioni ni njema, lakini mke wa mgonjwa hajalala siku 4. Wapangwe watu wa zamu za usiku, mwingine achote maji, mwingine afue.

Damu isemwe wazi kabla haijaja. Mgonjwa wa ini aweza kutapika damu nyingi kwa ghafla. Wekeni karibu vitambaa au kanga za rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva, ili wingi wa damu usimtishe yeye wala watoto. Mlazeni ubavu, mtu mmoja amshike mkono asimwache. Anayemhudumia avae glovu, na nguo zifuliwe kwa dawa ya klorini. Kula naye sahani moja, kumkumbatia na kumpa mkono hakuambukizi homa ya ini. Damu na majimaji ya mwili ndiyo yaambukizayo.

Na hapo katika matanga, jamaa wote wakiwa wangali pamoja, wakubaliane siku ya kwenda kupima. Watoto wachanga nchini wamekuwa wakichanjwa homa ya ini aina ya B tangu mwaka 2002, lakini wakubwa wengi hawakuipata chanjo hiyo. Mjane, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe damu. Asiye na virusi achanjwe mara 3, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza, naye mwenye virusi aonwe na daktari wakati ini lake lingali zima.