Kiraka Kipya na Nguo Kuukuu: Somo la Kushona Foronya za Mito ya Makochi



Katika Marko 2:21 Bwana wetu anazungumza juu ya kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu. Mara nyingi tumehubiriwa maana yake ya kiroho. Leo tuutazame mfano huo kwa macho ya fundi. Kitambaa kipya cha pamba kikifuliwa hurudi, lakini kile cha zamani kimekwisha kurudi siku nyingi. Kipya kinapojivuta, cha zamani huchanika.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Mama yetu alipofariki aliacha kitambaa kimoja cha meza, alichokidarizi maua katika pembe zote nne. Sisi ndugu tuko wanne. Hakuna aliyetaka kumnyang'anya mwenziwe, basi kikakaa sandukuni miaka mingi. Siku nilipokikunjua, kilikatika kwenye mikunjo. Ndipo tulipokubaliana kukikata, kila mmoja apate pembe moja ya kufunika mto. Foronya ya kwanza niliiunga na marekani mpya ambayo sikuifua. Ilipofuliwa marekani ikarudi, foronya ikabana mto, na kitambaa cha mama kikachanika kando ya mshono. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa yangu. Zile tatu zilisalimika kwa utaratibu huu:

1. Chagua. Inua kitambaa dirishani. Mwanga unapopenya sana, hapo pamechakaa. Shuka huchakaa katikati, lakini kandokando huwa zima. Foronya huchakaa kichwa kinapolala, ila upindo uliodariziwa hudumu.

2. Fua. Marekani mpya ifuliwe kwa maji ya moto mara mbili, ianikwe, ipigwe pasi. Kitambaa cha zamani kifuliwe taratibu kwa maji ya uvuguvugu, wala kisisokotwe.

3. Kata. Kwa mto wa sm 40 kwa 40, uso uwe sm 43 kwa 43, maua yakae katikati. Kata marekani ya bitana kwa kipimo hicho hicho, na vipande viwili vya mgongo, kila kimoja sm 43 kwa 30.

4. Laza uso juu ya bitana, piga bandi kuzunguka. Bitana ndiyo itakayobeba mvuto.

5. Kunga upindo kwenye ubavu mmoja mrefu wa kila kipande cha mgongo: kunja sm 1, kisha sm 2.5.

6. Laza uso, maua yakitazama juu. Funika kwa vipande vya mgongo, upande wa ndani ukiwa juu, pindo zipandane katikati kwa sm 10. Shona pande zote nne, sm 1.5 kutoka ukingoni. Punguza ncha za pembe, geuza, ingiza mto. Hahitaji zipu wala kifungo.

Angalizo: vitambaa vya altare vilivyobarikiwa havifanyiwi kazi hii. Vikichakaa, mpelekeeni Padre.

Someni tena Matendo 9:36-39. Wajane walimwonyesha Petro nguo alizoshona Dorkasi, na upendo wake ukaonekana. Kitambaa cha mama yetu, kilipokuwa sandukuni, hakikumfariji hata mmoja wetu. Sasa kimo katika nyumba tatu, na wajukuu wanauliza ni nani aliyedarizi maua yale.

Zoezi: wiki hii fungua sanduku lako. Kuna nini ndani yake ambacho ndugu zako wangefurahi kugawiwa?