Usiuziwe Mbuzi kwenye Gunia: Kagua Mdoli wa Shujaa Kabla ya Kuweka PIN

Mwaka jana mdogo wangu aliuza mbuzi. Alikuwa mbuzi wake mwenyewe, aliyepewa na mjomba akiwa bado shule ya msingi. Kama hutoki Kinango, wacha nikueleze: kwetu mbuzi ni akiba. Anauzwa karo ikikaribia, mtu akilazwa hospitali, au kukiwa na shughuli ya familia. Mdogo wangu alimuuza ili anunue mdoli wa Black Panther.

Usicheke. Kuna mtu anakusanya stempu, mwingine jezi za mpira, yeye anakusanya midoli ya mashujaa wa filamu. Aliona tangazo mtandaoni, picha safi, bei shilingi 3,500, muuzaji yuko Nairobi. Akatuma pesa yote kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Siku tatu baadaye mzigo ukafika kwa matatu. Alinipigia simu akiwa bado stejini.

"Dada, mkono umetoka."

"Umetoka wapi?"

"Kwa bega. Nimeutoa tu kwa boksi. Na rangi inanishika vidole."

Muuzaji alikuwa ashamfungia kwa simu. Aliuza mbuzi wa kweli, akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mimi ni mtu wa soko na kila siku nawaeleza watu jinsi ya kulipa kwa simu, lakini siku ile nilijua kuna somo tulikuwa hatujalifundisha vizuri. PIN inafaa kuwa hatua ya mwisho ya kukagua bidhaa. Wengi wetu tunaifanya hatua ya kwanza. Kwa hivyo leo twende pole pole: unajuaje mdoli ni mzuri, na unalipaje bila kuchomeka?

1. Jua unanunua daraja gani

Midoli hii haifanani. Ukichanganya madaraja, hata bei huwezi kuipima.

- Funko Pop: kichwa kikubwa, macho meusi ya mviringo. Nyingi hazikunjiki mikono wala miguu, kwa hivyo usizihukumu kwa viungo.
- Marvel Legends ya kampuni ya Hasbro ya Marekani: urefu wa kama sentimita 15, na viungo vingi.
- S.H.Figuarts ya Bandai ya Japani: ukubwa unakaribiana na huo, lakini viungo ni laini zaidi na kwa kawaida bei iko juu.
- Hot Toys ya Hong Kong: hii ni ya wakusanyaji wakubwa. Urefu ni kama sentimita 30, mingi huvishwa nguo za kitambaa, na uso umechorwa mpaka unadhani ni mtu.

Mtu akikuambia anauza Hot Toys kwa bei ya Marvel Legends, usifurahie bei. Muulize kwa nini. Piga hesabu kwa maduka matatu kabla ya kuamua. Rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea.

2. Viungo kwanza

Hasbro ilipotoa G.I. Joe mwaka wa 1964, haikutaka wavulana waone wananunuliwa mtoto wa bandia kama wa dada zao. Ikauita jina jipya, lenye maana ya sanamu ya vitendo. Tangu hapo jina hilo limebaki kwa biashara yote. Kwa hivyo kama mdoli wa daraja hili hauwezi kutenda, hauwezi kukunja goti, kusimama wala kushika silaha yake, umekosa kazi yake ya kwanza.

Angalia haya:

- Simamisha mdoli bila kuushikilia. Ukianguka kila mara, nyonga au vifundo vya miguu vimelegea.
- Kunja kiwiko na goti. Midoli mingi mizuri ya sentimita 15 ina viungo viwili hapo, ili mkono ukunjike karibu kufika begani.
- Kiungo kizuri kinakaza kidogo kisha kinakubali. Kikikataa kabisa, usilazimishe. Rangi huenda imekigandisha, na ukikivunja hasara ni yako.
- Linganisha kushoto na kulia. Ile feki mara nyingi ina goti moja gumu na jingine linalochezacheza.

3. Uso na rangi

Uso ndio unaofichua mengi. Muombe muuzaji picha ya karibu ya macho. Macho yasiyolingana, nyusi zilizopanda, au rangi ya midomo iliyovuka mpaka ni dalili mbaya. Kisha tazama mahali rangi mbili zinapokutana, kwa mfano mkanda na suruali. Kwa mdoli mzuri mstari ni safi. Kwa feki rangi imemwagika kama ya mtoto wa chekechea.

Angalia pia mistari ya kalibu, ile mishono midogo inayobaki pande mbili za plastiki zilipounganishwa. Hata orijino inaweza kuwa nayo, lakini ukiipapasa isikukwaruze kidole. Na rangi isitoke mkononi. Ile ya mdogo wangu ilitoka.

4. Plastiki na harufu

Midoli hii hutengenezwa hasa kwa plastiki aina mbili: PVC, iliyo laini kidogo, na ABS, iliyo ngumu. Mdoli mzuri una uzito fulani mkononi na plastiki yake haina uwazi wa ajabu ukiushika kwenye mwanga. Feki nyingi ni nyepesi, na ukifungua boksi inakupiga harufu kali ya kemikali au rangi.

Hili si suala la urembo tu. PVC hulainishwa kwa kemikali, na baadhi yake, zile za kundi la thaleti, Umoja wa Ulaya umezibana kabisa kwenye vitu vya watoto. Mdoli usiojulikana ulikotoka haujulikani umetiwa nini. Kama nyumbani kuna mtoto anayeweka kila kitu mdomoni, hata orijino ya wakusanyaji si yake, maana vipande ni vidogo na vinaweza kumkaba. Soma umri ulioandikwa kwenye boksi.

5. Alama na boksi

Geuza mdoli. Chini ya nyayo, mgongoni au nyuma ya paja, kampuni huweka maandishi madogo: alama ya hakimiliki, jina la kampuni na mara nyingi mwaka au nambari. Feki nyingi hazina kitu hapo, au maandishi yamefutwa mpaka hayasomeki.

Kwenye boksi, soma kila neno. Makosa ya tahajia, picha zenye ukungu, jina la shujaa lililobadilishwa kidogo, nembo yenye rangi iliyopauka: hayo yote yanakuambia jambo. Hesabu vipande vilivyochorwa nyuma ya boksi, kisha vihesabu ndani. Mdoli uliokosa mkono wa ziada au silaha yake hushuka thamani siku utakapotaka kuuuza.

6. Usidanganywe na joto la kwetu

Hapa watu wa Kinango, Samburu na hata kule chini Ukunda tusikilizane. Ukiona mdoli wa mtumba umepinda miguu, usikimbilie kusema ni feki. PVC hulegea kwenye joto, na nyumba ya mabati saa nane mchana si mchezo. Mdoli uliokaa hapo, au juu ya dashibodi ya gari, unaweza kuinama hata kama ni orijino.

Mara nyingi unarekebishika. Chovya mguu uliopinda kwenye maji ya moto kwa muda mfupi (usiuchemshe jikoni), unyooshe pole pole, halafu uingize kwenye maji baridi ugande hapo. Lakini mpasuko hauponi hivyo, na plastiki nyeupe iliyogeuka manjano kwa jua ni vigumu kuirudisha. Hivyo viwili vipunguze bei.

Sasa, kabla ya PIN

Umekagua kwa macho. Lakini muuzaji yuko mbali na wewe uko Kinango. Fanya hivi:

1. Omba picha ya leo. Mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke kando ya mdoli, apige picha. Bora zaidi ni simu ya video, akunje viungo ukiona. Aliye na mdoli hashindwi na hilo. Aliyeiba picha mtandaoni atakuwa na visingizio.
2. Lipa ukishaona. Kubaliana ulipe mzigo ukifika, hapo hapo stejini au kwenye ofisi ya mizigo. Uliza mapema kama unaruhusiwa kufungua kabla ya kulipa. Wengine hukataa.
3. Ikibidi utangulize, tanguliza kidogo. Nauli ya mzigo inatosha. Tuma kiasi ambacho ukikipoteza hutauza mbuzi wa pili.
4. Pendelea nambari ya Till ya duka kuliko nambari ya mtu. Kisha soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Duka linaitwa hivi, jina linasoma vile? Simamisha.
5. Weka ushahidi. Usifute mazungumzo, tangazo wala ujumbe wa muamala.

Kurudishiwa pesa si dhamana ya bidhaa

Hili ndilo watu wengi wanalikosea. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa hasa kwa pesa iliyokwenda nambari isiyo sahihi. Kwa M-Pesa, kwa mfano, unasambaza ujumbe wa muamala kwenda 456. Lakini ukituma kwa mtu uliyemkusudia, kwa hiari yako, halafu bidhaa ikawa mbovu, huo ni mgogoro wa mnunuzi na muuzaji. Na kama pesa ishatolewa kwa wakala, hakuna kitu cha kurudisha.

Haimaanishi huna haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ipo chini ya sheria ya mwaka 2008. Ripoti polisi ukitapeliwa, na utuarifu sisi pia ili nambari hiyo ichunguzwe. Ila tusidanganyane: haki hiyo huchukua muda, na dakika tano za kukagua ni rahisi zaidi.

Na wewe unayeuza?

Ukiuza mdoli wako, usiachilie mzigo kwa sababu mtu amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake, au umepokea ujumbe unaofanana na wetu kutoka nambari ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe. Salio halijapanda, mzigo hautoki. Na picha kasoro zote. Mnunuzi akijua goti limelegea kabla ya kulipa, hatakusumbua baadaye.

Mdogo wangu hakurudishiwa pesa yake. Yule Black Panther bado yuko kwenye rafu, mkono umeshikwa kwa gundi, na hataki nimtupe. Mwezi wa nne mwaka huu alinunua mwingine. Safari hii alimfungua mbele ya makanga, akamgeuza, akasoma maandishi nyuma ya paja, akakunja magoti yote mawili, kisha akatoa simu.

Makanga alimuuliza kwa nini anachelewesha gari. Akamjibu: "Nakagua mbuzi, kaka."

Kabla hujaweka PIN leo, jiulize maswali matatu. Nimekiona? Jina linalosoma kwenye simu ndilo? Nikipoteza pesa hii, nitalala? Jibu moja likiwa hapana, bonyeza ghairi. Pesa ikibaki kwa simu yako, bado ni yako.