Kupima Faida na Hasara za Ndege: Somo la Darasa la Sita

Tuseme mwalimu anafundisha Kewanja, wilayani Tarime. Wanafunzi wake huziona ndege angani, lakini wengi hawajapata kupanda hata moja. Akiwauliza kama ndege ni nzuri au mbaya, watamjibu kwa kubahatisha. Tunamshauri aanze na kibatari.

Mafuta ya ndege za jeti ni ya jamii moja na mafuta ya taa. Kilo 1 ikiungua hutoa kilo 3 na zaidi za kabonidayoksaidi, hewa izuiayo joto la dunia lisitoke. Mwanafunzi mwerevu atapinga: kilo 1 itazaaje kilo 3? Swali hilo lisizimwe, maana ndilo somo lenyewe. Kaboni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na uzito huongezeka.

Kisha upande wa pili wa mizani. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo yenye milia ya pundamilia. (Januari 1959 Michael alikufa, ndege hiyo ilipogongana na tumbusi.) Leo watalii hutua Seronera, na ada zao husaidia kuitunza hifadhi.

Hapo darasa liulizwe: faida anapata nani, na hasara anabeba nani? Mkulima asiyepanda ndege hupatwa na joto lile lile. Tena, ndege ya mgonjwa mahututi na ya mtalii huchoma mafuta ya aina moja. Je, safari hizo zina uzito mmoja? Mwalimu asitoe jibu lake kabla ya wanafunzi kutetea yao.