Chungu cha Gilgali na Mboga za Porini

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari ya njaa iliyokuwa Gilgali. Elisha aliagiza chungu kikubwa kiwekwe motoni, na mtu mmoja akatoka kwenda kuchuma mboga. Akaona mmea wa mwituni uliotambaa, akachuma matango yake hata nguo yake ikajaa, akayakatakata chunguni. Wala hapakuwa na mtu aliyeyajua. Tuliangalie neno hilo la mwisho. Mtu yule hakuwa mwovu wala mvivu. Alitaka kuwalisha ndugu zake. Wengi waliochunguza habari hii hudhani yalikuwa matango ya jangwani, machungu mno. Uchungu ndio uliowaonya, wakapiga kelele kabla hawajala sana.

Lakini si kila sumu iliyo chungu. Uko uyoga wa Ulaya, uliofika hata Afrika Kusini, ambao wataalamu huuita Amanita phalloides. Waliokula wakapona husema kwamba ladha yake ilikuwa nzuri. Mtu hulala akiwa mzima. Baada ya saa 6 au 12, pengine zaidi, huanza kutapika na kuhara. Kisha hupata nafuu, na jamaa humshukuru Mungu; kumbe ini lake linaharibika. Kuuchemsha hakuondoi sumu yake. Basi lile shauri la kuonja kidogo na kungoja tusilitegemee kabisa.

Na mnanaha je? Maua yake ni meupe kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Humea kando ya mashamba, na mbegu zake huingia katika nafaka bila kuonekana. Mwaka 2019, huko Karamoja katika Uganda, watu 5 walikufa na mamia wakaugua kwa kula uji wa unga wa msaada, na uchunguzi ulionyesha kwamba unga ule ulikuwa na sumu ya namna hiyo. Ndiyo sababu twawasihi akina mama wapepete na kuchambua nafaka vema.

Wengine husema, “Anachokula nyani au ndege, na mtu aweza kula.” Sivyo. Sungura wengine wa Ulaya hula majani ya beladona wasidhurike, na majani hayo humwua mtu. Tumbo la mnyama si letu.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Jifunze mmea mmoja kwa mtu aliyeula miaka mingi katika nchi ile ile mkaayo. Uutazame ukiwa mchanga, ukiwa na maua, ukiwa na matunda. Uulize ni mmea gani unaofanana nao, na tofauti yao iko wapi. Jina peke yake halitoshi, maana jina moja huweza kuitwa mimea miwili katika wilaya mbili. Tena ulize ni sehemu gani iliwayo, na hupikwaje. Wazee wanaoijua ndiga hawaili kama kiazi cha shambani: huikata vipande vyembamba, huiloweka siku kadhaa wakibadili maji, ndipo huipika. Mgeni aliyeiona tu ikiwa sahanini hajui habari hizo zote, na katika mwaka wa njaa mara nyingi ni mgeni, au mtoto, aendaye kuichimba peke yake. Walimu wa kanisa wangefanya vema kuwaomba bibi wa usharika wawaonyeshe vijana mimea hii sasa, chakula kingalipo.

Na mtu akiwa amekwisha kula asichokijua, msimlazimishe kutapika, wala msimpe maziwa mkangoja kuona. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ajiona mzima. Chukueni mabaki ya mmea, pamoja na jani na mzizi, hata yaliyomo chunguni. Mwambieni mganga saa aliyokula. Na wote waliokula naye waende pamoja naye.