Ukiuza Vyombo vya Nyumbani Kalama, Anza Kupanga na Jirani

Mtu anayehama nyumba ya kupanga Nairobi huuza kochi na friji yake kwa mtu asiyemjua. Mnunuzi analipa, anapakia, wanaagana. Huku Kalama, Machakos, iwe Kola au Muumandu, anayekuja kununua ni jirani, shemeji, au mama mnayekaa naye kwenye chama. Utakutana naye tena kisimani na kanisani. Kwa hiyo mauzo ya uani hufaulu au huharibika kabla ya siku yenyewe, kutegemea ulivyojipanga na watu.

Elewaneni nyumbani kwanza

Kaeni kama familia mkubaliane kipi kinauzwa, kipi kinabaki na kipi kinatolewa bure. Ikiwa shangazi ameitamani meza ile kwa miaka, mpelekee wiki moja kabla. Ukimpa siku ya mauzo mbele ya watu, kila anayeingia langoni atadai ushangazi. Vitu vya marehemu viwekeni kando: Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kuuza mali ya aliyefariki bila idhini ya kisheria, na ugomvi wa ndugu hauna bei.

Chagua siku yenye pesa

Mishahara hutoka mwisho wa mwezi, basi Jumamosi inayofuata ndiyo nzuri. Plau, majembe, mitungi na matangi ya maji yauze Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, watu wanapojiandaa kwa mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo kubwa la mkulima wa Ukambani. Masanduku ya bati na magodoro ya bweni yangoje wiki ya kufungua shule Januari. Viti, kabati na vyombo vizuri vya mezani vinaenda Desemba, wana wa nyumbani wanaporudi kutoka mjini.

Kabla hujatangaza, uliza kama kuna mazishi kijijini siku hiyo. Ukiuza vyombo huku wenzako wako matangani, hutauza, na utasemwa. Ukishahakikisha, mwarifu mzee wa kijiji, peleka tangazo kanisani, kwenye kundi la WhatsApp la chama na kwa vijana wa bodaboda pale stejini. Taja vitu vitatu au vinne vikubwa kwa majina. "Vitu mbalimbali" havimtoi mtu shambani.

Kitu kionekane kinafanya kazi

Sufuria isuguliwe kwa jivu na mchanga mpaka weusi wa moshi utoke. Jiko la mafuta liwekwe tambi mpya. Redio iwe na betri ndani, iwe inaimba.

Cherehani ndiyo mfano mzuri. Ikikaa kwenye kona na vumbi lake, mnunuzi ataishika gurudumu, atasikia linakwaruza, na atakutajia bei ya chuma chakavu. Ifute, itie mafuta kwenye vitundu vyake, ipitishe uzi, kisha weka kipande cha kitambaa chini ya mguu wa sindano. Mwache mnunuzi akanyage mwenyewe. Akishaona mshono umenyooka, mazungumzo yatakuwa ya bei tu. Na ikiwa inaruka nyuzi, mwambie mapema. Kasoro uliyoitaja inapunguza bei. Uliyoificha itarudi pamoja na cherehani Jumatatu asubuhi.

Bei mbili kwa kila kitu

Ulizia madukani Machakos bei ya kitu kipya. Kilichotumika lakini kizima, anzia kati ya theluthi na nusu ya bei hiyo. Andika bei kwenye karatasi na uibandike juu ya kitu, ili jirani anayeona haya kuuliza asiondoke. Bei ya chini kabisa iandike kwenye daftari lako, mahali unapoona wewe tu. Biashara haigombi: watu watapatana nawe, na ukiwa na kipimo chako hutakasirika wala kujuta.

Deni lina jibu lake

Ombi litakuja tu: "Mama, niwekee, nitakulipa mwisho wa mwezi." Jibu liwe moja kwa wote, nawe ulitangaze tangu siku ya kwanza: anayetaka kuwekewa atangulize nusu, na asipomaliza kwa wiki mbili anarudishiwa pesa zake, kitu kinauzwa. Mwingine anahitaji tu kupunguziwa; mwambie: "Shemeji, nitoe mia moja, ulipe sasa tumalize." Mara nyingi hamsini au mia uliyoacha ni nafuu kuliko deni la kudaiana mwaka mzima.

Pesa taslimu zikae kwa mtu mmoja, mwenye chenji za noti za 50 na 100. Kwa M-Pesa, usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Ngoja wako uingie, kisha angalia salio, kwa sababu ujumbe wa kughushi upo.

Fikiria kilima

Mnunuzi akiona kabati atakumbuka mlima wa kwenda kwake. Patana mapema na kijana wa bodaboda na mwenye punda au mkokoteni, ujue bei ya kufika kila upande. Weka maboksi na magunia ya kufungia. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Kwa kitu kikubwa mwandikie mnunuzi hati fupi yenye tarehe, bei na sahihi zenu, asije akaulizwa njiani alikitoa wapi.

Jioni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu siku hiyohiyo, uwalipe waliokusaidia, na pesa za karo zitume shuleni kabla hazijageuka sukari na unga. Kilichobaki kisirudi ghalani: vyuma mwite mnunuzi wa chuma chakavu apime kwa kilo, vingine vipeleke kwenye mnada wa kanisa.