AFYA YAKO: Mtoto Acheze, Asikae Kutwa Mbele ya Televisheni



Siku hizi umeme umefika vijiji vingi. Wengine wanatumia umeme wa jua. Televisheni na simu za picha zimeingia nyumbani. Vyombo hivi vina faida. Vinatuletea habari na bei za mazao. Lakini kwa mtoto mdogo vina hatari yake.

Mama anapika. Mtoto analia. Anapewa simu aangalie katuni, ananyamaza. Kesho anailia tena. Mwisho anakaa nayo kutwa.

Kwa nini mtoto hunenepa?

Chakula hutupa nguvu. Mtoto akikimbia na kuruka, huitumia nguvu hiyo. Akikaa tu, nguvu isiyotumika hugeuka mafuta mwilini.

Tena, mtoto anayekula huku anaangalia picha hatambui upesi kuwa ameshiba. Huendelea kula. Matangazo nayo humfundisha kutaka soda na peremende. Soda ya mililita 300 huweza kuwa na sukari gramu 30. Hivyo ni vijiko 7 hivi vya chai! Akiangalia picha hadi usiku, hulala kidogo. Mtoto asiyelala vya kutosha hunenepa kwa urahisi zaidi.

Wengi wetu husema, "Mtoto mnene ndiye mwenye afya." Si hivyo kila mara. Mtoto aliyenenepa kupita kiasi mara nyingi hukua na unene huo. Ukubwani anaweza kupata kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo.

Kipimo ni kipi?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huu:

Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asikalishwe mbele ya televisheni wala simu.

Mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Ikipungua ni bora zaidi.

Mtoto wa miaka 3 au 4 acheze na kutembea kwa jumla ya saa 3 kila siku. Katika hizo, saa 1 iwe ya michezo ya nguvu. Alale saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana.

Tufanye nini?

1. Tuzime televisheni na tuweke simu mbali wakati wa kula.

2. Tusimbembeleze mtoto kwa simu. Tumpe kazi ndogo, kama kuchambua mchicha pamoja nasi.

3. Tumwache acheze na wenzake uani: kukimbizana, kujificha, kupiga mpira. Mkubwa awe karibu. Wasikaribie kisima, moto wala barabara.

4. Jioni tumsimulie hadithi. Hii ni kazi ya baba pia, si ya mama na bibi tu.

5. Tumpe maji safi badala ya soda.

Angalia! Usimnyime mtoto chakula ili apungue. Bado anakua. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu. Mhudumu atakushauri.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini si vizuri mtoto kula huku anaangalia televisheni?

2. Watoto wa kijiji chetu wana mahali salama pa kuchezea? Kama hawana, tufanye nini?

3. Nyumbani kwako, mtoto anaangalia simu au televisheni saa ngapi kwa siku?