SOMO: Ukurasa Ukihama, Acheni Maelekezo



Parokia na miradi mingi sasa ina tovuti. Somo hili linahusu mambo mawili yanayosahaulika: menyu, na kurasa zilizohamishwa.

1. Menyu
Menyu ni orodha ya viungo iliyo juu ya ukurasa. Viungo vitano hadi saba vinatosha. Tumieni maneno ya watu, kama "Pata Msaada", "Miradi" na "Changia". Kwenye simu, menyu hujificha nyuma ya vistari vitatu, kwa hiyo kiungo cha lazima kiwe cha kwanza.

Hapa Sirari, na kote Tarime na Serengeti, wasichana hukimbia ukeketaji, hasa mwezi Desemba, ingawa sheria ya mwaka 1998 iliupiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Anayemtafutia binti hifadhi asilazimike kupekua kurasa. Namba 116 ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bure, aione mara moja.

2. Kurasa zilizohama
Ukurasa ukipewa anwani mpya, ile ya zamani hubaki kwenye vipeperushi na barua. Anayeifuata hukuta kosa namba 404, yaani ukurasa haukupatikana. Mfadhili hukata tamaa. Mama mwenye binti hupoteza muda asio nao.

Ofisi ikihama huacha tangazo mlangoni. Tovuti nayo huwekewa elekezo, linalompeleka msomaji kwenye anwani mpya bila yeye kufanya lolote:

- 301: ukurasa umehama kabisa. Mitambo ya utafutaji nayo hushika anwani mpya.
- 302: umehama kwa muda, kwa mfano ukurasa wa michango unapotengenezwa.

Angalieni haya:

- Msielekeze kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Kila mmoja uelekezwe kwa ule uliochukua nafasi yake.
- Elekezo liende moja kwa moja. Kurasa mbili zikielekezana, msomaji huzunguka asifike.
- Katika WordPress, ukurasa uliochaguliwa kwenye menyu hufuata anwani yake mpya. Kiungo kilichoandikwa kwa mkono hakifuati, lazima kirekebishwe.

3. Zoezi la kamati
Chukueni jarida la zamani. Fungueni kwa simu kila anwani iliyochapishwa humo.

- Ni zipi hazifiki?
- Nani atazirekebisha kabla ya Desemba?
- Mgeni anaupata ukurasa wa msaada kwa kubonyeza mara ngapi?

Anwani tuliyoichapisha ni ahadi. Tuitunze.